Depo ya vyuma chakavu Lubumbashi: karatasi ipi hutangulia, na nani ana haki ya kuidai?

Depo_Kampemba ameuliza:

Jambo kwenu wote, wazee na ndugu.

Nina depo ndogo ya vyuma chakavu katika komini ya Kampemba. Kazi yenyewe mnaijua: vijana wa mikokoteni huleta mabati, vipuri vya magari, masufuria ya alumini yaliyotoboka, mara nyingine nyaya za shaba na betri zilizokufa, sisi hupima, hulipa papo hapo, hutenganisha, kisha huuza kwa tani kwa wanunuzi wakubwa na kwa mafundi wanaoyeyusha. Mpaka leo nimefanya kazi hii kwa patenti (kibali cha biashara ndogo) ninayoifanya upya kila mwaka, na kwa mkataba wa kupanga uwanja niliouandika na mwenye parseli mbele ya mashahidi.

Mambo mawili yamenisukuma kuandika. Kwanza, kampuni inayonunua sehemu kubwa ya chuma changu imeniarifu kwamba kuanzia mwakani haitapokea tena mzigo wa mtu asiye na RCCM (namba ya rejista ya biashara), namba ya kodi na karatasi ya mazingira. Pili ni wageni. Hazipiti wiki nyingi bila kufika mtu mwenye beji na mkoba: leo anasema ni wa mazingira, kesho wa usafi, keshokutwa wa madini, na juzi alikuja mwingine aliyesema ametumwa na kartie, yaani mtaa. Kila mmoja hushikilia kwamba karatasi yake ndiyo inayotangulia nyingine zote, na kila mmoja faini yake hupungua nikikubali kulipa mkononi kabla hajatoka uwanjani. Sikatai kulipa kinachodaiwa kwa haki. Ninachokataa ni kulipa kitu kimoja kwa watu watatu na kubaki bila hata karatasi moja ninayoweza kumwonyesha mnunuzi.

Kwa hiyo naomba wenye ujuzi wanisaidie. Je, patenti inatosha kwa biashara ya ukubwa huu, au ni lazima niingie RCCM? Karatasi ya mazingira hutolewa na nani, na depo isiyoyeyusha chochote inaihitaji kweli? Watu wa madini wana mamlaka gani juu ya chuma cha gari lililooza? Na mtu akifika na hati ya kutumwa, nitajuaje kama anachodai kimo katika sheria? Nawaomba msinijibu tu kwamba «nchi ndiyo hii», kwa sababu hilo ninalijua tayari.

Mhasibu_Makomeno amejibu:

Ndugu yangu, nianze na patenti, maana hapo ndipo wengi hukwama bila kujua.

Patenti inatokana na sheria ya biashara ndogo, yaani Ordonnance-loi (amri ya rais yenye nguvu ya sheria) namba 90-046 ya tarehe 8 Agosti 1990, nayo iliwekwa kwa ajili ya mfanyabiashara mdogo ambaye hapaswi kuandikishwa katika rejista ya biashara. Patenti na RCCM si vidato viwili vya ngazi moja ambavyo mtu huvipanda kimoja baada ya kingine. Ukishaingia RCCM umetoka katika biashara ndogo. Depo inayouza kwa tani kwa kampuni, yenye wafanyakazi na uwanja wa kudumu, kwa maoni yangu imekwisha kuvuka mpaka huo, hata kama kuna mtu komini anayeendelea kukupa patenti kila Januari kwa tabasamu. Wapo watakaokutajia hali ya «entreprenant» iliyomo katika sheria za OHADA, jumuiya ya sheria za biashara ya nchi za Afrika ambayo nchi yetu imo tangu 2012, na ambayo humruhusu mtu kujitangaza tu bila kuandikishwa. Ni njia halali, lakini haitakupa ile namba ya RCCM ambayo mnunuzi wako anaidai, kwa hiyo iache.

Uandikishaji hufanyika katika Guichet unique ya kuanzisha biashara, nayo ina ofisi hapa Lubumbashi. Hulazimiki kwenda Kinshasa wala kumlipa mtu nauli. Kwa dosie moja utapata RCCM, kitambulisho cha taifa cha biashara tunachokiita Id. Nat., namba ya kodi na kuandikishwa CNSS (hifadhi ya jamii). Kabla ya kwenda, amua umbo la biashara. Ukiandikisha «établissement», yaani biashara ya mtu binafsi, kwa jina lako, deni la depo ni deni lako, na mdai anaweza kuifikia hata nyumba ya watoto wako. Sheria ya OHADA inamruhusu mtu mmoja peke yake kuunda SARL (kampuni ambayo deni lake haliifikii mali yako binafsi), na katika kazi ambayo mzigo unaweza kugeuka kesi au mfanyakazi akapoteza kidole kwenye mashine ya kukatia, mimi ningekushauri SARL bila kusita, ingawa hesabu zake zinahitaji mtu anayezijua. Najua wenzangu wengine hushauri kuanza na établissement ili kupunguza gharama. Wanazungumza juu ya duka la nguo.

Upande wa wafanyakazi sitakaa sana: mtangazie mkaguzi wa kazi kwamba umefungua, waandike watu wako CNSS, INPP (mafunzo ya kazi) na ONEM (ajira), wawe na mikataba. Usisahau kodi ya serikali juu ya pango: sheria humtaka mpangaji wa biashara azuie sehemu ya pango analomlipa mwenye nyumba na kuipeleka kwa jimbo, na mwenye parseli wako pengine hatapenda kulisikia jambo hilo, kwa hiyo lizungumzeni sasa na si siku ya ukaguzi.

Tuje kwa wageni wako. Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema kwamba kodi huwekwa kwa sheria peke yake. Tangu tarehe 13 Machi 2018 tunazo Ordonnance-loi mbili zinazoorodhesha ushuru na malipo: ile ya 18/003 kwa serikali kuu, na ile ya 18/004 kwa majimbo na kwa entités territoriales décentralisées (serikali za maeneo zinazojitegemea). Zichapishe zote mbili uziweke ofisini pamoja na marekebisho yake, hasa ile ya 18/004, na mtu akidai kitu mwombe kwa heshima akuonyeshe malipo yake yameandikwa mstari gani. Katiba imezitaja entités hizo kwa majina: mji, komini, sekta na sheferi. Kartie haimo. Mkuu wa kartie ni mtu wa kuheshimiwa, anajua nani anakaa wapi, na utamhitaji siku majirani watakapoulizwa juu ya depo yako. Lakini kartie haina kodi yake yenyewe, na aliyekuja kwa jina lake kudai pesa hakuwa na msingi wa kuidai.

Malipo halali huacha nyayo. Afisa huthibitisha, noti ya malipo hutolewa, nawe hulipa benki, iwe kwa DGRAD kwa yale ya serikali kuu au kwa DRHKAT kwa yale ya jimbo la Haut-Katanga, kisha hubaki na uthibitisho wa benki. Noti isiyo na namba, faini inayopungua kadiri jua linavyozama, hizo si kodi.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo linaweza kukugharimu kuliko wageni wote hao. Ukishaingia katika hesabu rasmi, watu wa DGI, idara ya kodi, watakuuliza uthibitisho wa manunuzi yako, na vijana wa mikokoteni hawatoi fakitire. Manunuzi yasiyo na karatasi huhesabiwa kama hayakufanyika, faida yako huonekana kubwa mara kadhaa kuliko ilivyo, na kodi huifuata faida hiyo. Tengeneza kitabu cha hati za manunuzi chenye namba zinazofuatana, nakala mbili, kila kilo uliyolipia iandikwe humo siku ile ile.

Mama_Vyuma_Katuba amejibu:

Mwanangu, Papa Mhasibu amesema kweli juu ya sheria, lakini ameongea kama mtu ambaye hajawahi kusimama getini saa nane mchana na watu wanne wenye beji. Karatasi zako ziwe sawa, hilo halina ubishi; hata hivyo usitegemee kwamba ukisoma namba ya Ordonnance-loi watageuka na kuondoka.

Mimi nimeweka daftari la wageni juu ya meza. Kila anayeingia kwa jina la huduma fulani huandika jina lake, huduma yake, namba ya hati ya kutumwa na sababu ya kuja, kisha huweka saini. Ninampa maji na kiti, ninamwita Patron, ninamwonyesha nakala za vibali katika jalada moja, na asili zote ziko nyumbani. Wenye kazi ya kweli huandika bila neno. Wengine hukumbuka ghafla kwamba wana mkutano mahali pengine.

Jambo jingine ni mizani. Peleka mizani yako ikaguliwe na OCC (ofisi ya taifa ya ukaguzi wa bidhaa), ubaki na cheti, ukibandike mahali ambapo kijana wa mkokoteni anakiona. Ugomvi mwingi kwenye depo huanzia kwenye kilo, na ugomvi ndio unaoleta polisi.

Na usinunue mukuba, yaani shaba, usiku. Hata kidogo.

Wakili_BelAir amejibu:

Neno la mwisho la Mama lina uzito kuliko vibali vyote, na ningependa kulikazia, kwa sababu muuliza swali anaonekana kuogopa zaidi kukosa karatasi kuliko kununua kitu kisichofaa, wakati hatari kubwa iko upande wa pili.

Kifungu cha 101 cha Kitabu cha pili cha Sheria ya Jinai kinamwadhibu mtu anayepokea vitu vilivyopatikana kwa wizi au kosa jingine, na adhabu yake inaweza kufika miaka mitano ya kifungo, mbali na faini. Hakuna RCCM, patenti wala kibali cha mazingira kinachokukinga na kifungu hicho. Katika mji huu sote tunajua shaba nyingi hutoka wapi: nyaya za umeme za SNEL, vipande vya reli na vifaa vya mabehewa ya SNCC, mita za maji za REGIDESO zenye shaba ya njano ndani, vifuniko vya mitaro, mabaki ya viwanda vya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Mwendesha mashtaka hatauliza tu kama uliiba. Atauliza kama ulijua, na kujua huthibitishwa kwa mazingira ya ununuzi: bei ya chini kupita kiasi, saa isiyo ya kawaida, waya uliochomwa ili kufuta alama, muuzaji asiye na jina.

Hapo ndipo kitabu cha Papa Mhasibu kinapofanya kazi ya pili. Hati ya manunuzi iwe na tarehe na saa, jina la muuzaji na namba ya kadi yake ya uchaguzi au kitambulisho kingine, simu, maelezo ya mali kwa maneno yanayoeleweka (si «vyuma» tu), uzito, bei, na mahali mali ilipotoka kwa maneno ya muuzaji mwenyewe, pamoja na saini au alama ya kidole. Kwa shaba na alumini ya nyaya ongeza picha. Kampuni ikikuuzia mashine kuukuu, dai barua ya kuachilia mali yenye mhuri, na kama ni kampuni ya serikali, dai uamuzi ulioruhusu mali hiyo iuzwe, maana meneja wa ghala hana mamlaka ya kuuza mali ya umma kwa sababu tu anashika ufunguo. Mali ambayo muuzaji wake hawezi kueleza ilikotoka, irudi na mkokoteni wake, hata kama bei inapendeza.

Watoto nao. Depo nyingi hununua kutoka kwa watoto wanaookota, na zingine huwatumia kutenganisha mali. Sheria ya kumlinda mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inamhesabu mtoto kuwa kila mwenye chini ya miaka 18, na kazi ya hatari ni marufuku kwake. Chuma chenye ncha, asidi ya betri na moshi wa plastiki ni hatari bila mjadala. Usimwandike mtoto katika kitabu cha manunuzi wala usimweke uwanjani.

Kuhusu watu wa madini: Sheria ya madini, namba 007/2002 ya tarehe 11 Julai 2002 iliyorekebishwa kwa sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, inatawala madini na mazao yake. Mlango wa gari, radieta na sufuria si madini, nao hawana la kufanya navyo. Lakini usijifanye hujui mpaka uko wapi. Mtu akikuletea mawe ya shaba, mchanga uliooshwa, skoria (mabaki) za tanuru au vipande vya katodi (mabamba ya shaba iliyosafishwa kiwandani), hapo umeingia katika eneo lao, na mnunuzi wa madini ya wachimbaji wadogo lazima awe na kadi ya «négociant» (mfanyabiashara wa madini) inayotolewa na gavana wa jimbo. Katodi hasa usiiguse. Hakuna mkokoteni unaoleta katodi halali. Ukiruhusu gunia moja la namna hiyo libaki uwanjani, umempa mgeni wako sababu ya kweli ya kurudi kila mwezi.

Akija afisa anayesema anakamata mali, muulize kama ana sifa ya OPJ (afisa wa polisi ya upelelezi) na kwa mambo gani, kwa sababu maafisa wengi wa huduma wana sifa hiyo katika eneo lao tu. Ukamataji huandikwa katika PV (taarifa rasmi) inayotaja mali, uzito na sababu. Soma kabla ya kusaini, andika pingamizi lako chini kama unalo, na omba nakala. Usimzuie kwa nguvu wala usimpe pesa ili aache, maana rushwa ni kosa kwa anayetoa pia.

Ukifikiria siku moja kuuza nje kupitia Kasumbalesa, hiyo ni dosie nyingine kabisa. Niseme tu kwamba dekreti namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne za kufanya kazi mpakani: forodha, OCC, usafi na DGM (uhamiaji). Wengine utakaowakuta pale, na utawakuta, waulize msingi wao.

Depo_Kampemba ameandika:

Nawashukuru sana, Papa, Mama na Metre. Kitabu cha manunuzi nimekielewa, na kijana wangu wa mizani ameanza kukichora. Bado nina kiu upande wa mazingira, kwa sababu ndiyo karatasi ambayo mnunuzi aliitaja na hakuna aliyeigusa. Niongeze kwamba betri hukaa kwetu nyuma ya banda mpaka zitoshe gari, na kwamba nimepewa nafasi ya kununua tanuru ndogo ya mtumba ya kuyeyushia alumini. Je, tanuru hiyo inabadilisha chochote katika vibali?

Fundi_wa_Mazingira amejibu:

Inabadilisha karibu kila kitu, ndugu, na ningekuomba usiilipie kabla hujamaliza kusoma.

Msingi ni Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya kanuni za kulinda mazingira, pamoja na Dekreti namba 13/015 ya tarehe 29 Mei 2013 inayohusu «installations classées», yaani mahali pa kazi panapoweza kuleta hatari au usumbufu kwa jirani, ardhi, maji au hewa. Depo ya vyuma ni mahali pa namna hiyo hata bila moto, kwa hiyo jibu la swali lako juu ya depo isiyoyeyusha ni ndiyo, karatasi ya mazingira unaihitaji. Tofauti iko katika daraja. Daraja la pili hutaka tamko: unaeleza mahali, shughuli, kiasi cha mali na hatua za usalama, nawe hupewa uthibitisho. Daraja la kwanza hutaka kibali cha kuendesha, ambacho kwa kadiri ya kundi husainiwa na waziri au na gavana, na hutanguliwa na uchunguzi wa umma ambamo majirani huulizwa kama wanakubali. Daraja lako husomwa katika orodha iliyoambatishwa kwenye dekreti, kwa kutazama kile unachofanya na kwa kiasi gani. Halichaguliwi na mtu mwenye beji akiwa amesimama getini. Peleka maelezo yako kwa maandishi kwenye uratibu wa mazingira wa jimbo, uombe jibu la maandishi la daraja. Karatasi hiyo peke yake itakupunguzia nusu ya mazungumzo ya getini.

Kuyeyusha metali ni shughuli nyingine, yenye moshi, joto na mabaki, na huenda ikakuvusha daraja. Miradi mikubwa ya metali huhitaji kabla ya yote utafiti wa athari kwa mazingira na jamii chini ya Dekreti namba 14/019 ya tarehe 2 Agosti 2014, unaochunguzwa na Agence congolaise de l'environnement. Tanuru yako ndogo pengine haifiki huko, lakini kuiwasha katika parseli yenye nyumba za watu pande tatu kutakuletea upinzani wa majirani siku ya uchunguzi, na upinzani huo utakuwa na haki. Ushauri wangu ni kutangaza depo kwanza bila tanuru, uipate karatasi anayoitaka mnunuzi, kisha tanuru itafutiwe mahali pake na dosie yake.

Betri ndizo zinazonitisha. Ile ya gari ina metali ya risasi na asidi ya salfa, na Mkataba wa Basel, ambao Kongo na Zambia zote ni wanachama wake, unaihesabu kuwa taka ya hatari. Haivuki mpaka kama chuma cha kawaida, hata ikifichwa chini ya mabati. Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kutokana na risasi iliyobaki katika udongo mahali ambapo watu walivunja betri na kuchuja vumbi lake. Karibu na sisi kuna Kabwe, Zambia, ambako mgodi wa risasi ulifanya kazi tangu 1906 mpaka 1994 na udongo bado una sumu. Kwa hiyo betri zisipasuliwe kwako, asidi isimwagwe mtaroni, zisikae juu ya udongo. Jenga jukwaa dogo la saruji lenye ukingo na paa, zisimame wima, weka ndoo ya chokaa karibu ya kuzimua asidi iliyovuja, na uziuze zikiwa nzima kwa mtu mwenye kibali chake mwenyewe, ambaye utabaki na nakala yake.

Nyaya zisichomwe. Plastiki ya PVC ikiungua hutoa asidi ya haidrokloriki na sumu za dioksini, na moshi mweusi ndiyo barua ya mwaliko kwa kila huduma ya mji. Zaidi ya hayo ni hasara: shaba iliyochunwa kwa kisu au kwa mashine hubaki safi na hulipwa vizuri kuliko iliyoungua.

Mkaguzi makini atatazama pia vitu vichache ambavyo watu wa vyuma huvisahau. Mitungi ya gesi na tangi za mafuta zisikatwe kabla ya kufunguliwa na kusafishwa, kwa sababu mvuke uliobaki hulipuka. Mafuta ya injini yawe na pipa lake. Na kwa kuwa tuko Katanga, tazama kwa makini mali inayotoka katika viwanda vya migodi: vipimo vya uzito wa tope vinavyofungwa kwenye mabomba huwa na chanzo cha mionzi, mara nyingi caesium-137, ndani ya kasha zito la risasi ambalo kwa mnunuzi wa vyuma huonekana kuwa bahati. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, kifaa cha hospitali iliyoachwa kilifunguliwa na waokota vyuma, na watu 4 wakafa. Ukiona alama ya mbawa tatu, usikate, wasogeze watu mbali, uiarifu CNPRI, kamati ya taifa inayoshughulikia mionzi.

Mama_Vyuma_Katuba ameandika:

Hiyo alama ya mbawa tatu nitaichora ukutani kwangu leo, karibu na cheti cha mizani. Vijana wa mikokoteni ndio watakaoiona kwanza, si mimi. Swali langu kwa Papa Mhasibu: mwanetu wa Kampemba aanzie wapi Jumatatu? Amepewa mengi.

Mhasibu_Makomeno amejibu:

Mama, aanze na mwenye parseli. Mkataba alio nao uliandikwa mbele ya mashahidi tu. Uandikwe upya, utaje wazi kwamba uwanja ni wa depo ya vyuma, usainiwe na mwenye hati ya ardhi (si mpwa wake anayekusanya kodi) na uhalalishwe, pamoja na nakala ya hati yenyewe. Kama hati inataja makazi, waulize watu wa mipango miji juu ya kubadilisha matumizi kabla ya hatua nyingine yoyote, kwa sababu jibu la hapana litamfanya ahame, na ni afadhali ahame akiwa hajajenga jukwaa la saruji la betri.

Mkataba ukiwa mkononi, Guichet unique itapata anwani ya kuandika na uratibu wa mazingira utapata mahali pa kutembelea, na dosie hizo mbili zinaweza kwenda pamoja. Patenti aendelee kuwa nayo mpaka RCCM itoke, ili asiwe bila karatasi siku hata moja. Ikishatoka, aijulishe komini kwa barua, apate mhuri wa mapokezi kwenye nakala yake. Kitabu cha manunuzi hakihitaji kusubiri chochote kati ya hayo. Na mnunuzi wake ajulishwe kwa barua kwamba dosie ziko njiani, nakala za mapokezi zikiambatishwa, kwa sababu kampuni za namna hiyo hufunga orodha ya wauzaji wao kabla ya mwaka kuanza.